Tone Kwenye Pua ya Ndege

Mzee Ndalahwa tulimzika mchana, jua la kukaanga yai juu ya jeneza, Mungu anisamehe. Tulivyorudi toka makaburini wanawake tukaingia sebuleni tukakaa kwenye mikeka, miguu tumenyoosha, kila mtu na kanga yake kichwani. Mimi nilijibana karibu na mjane, Mama Shija, maana kwangu yule ni mama ingawa hakunizaa. Na nilikuwa nimelia vizuri tu, kilio cha kusikika mpaka Kahama, hadi nilipoinua kichwa nipenge kamasi nikaiona. Ipo palepale juu, imefungwa kwa waya kwenye kenchi ya paa, tumbo linatutazama. Ndege ya marehemu. Siyo ya bati ya kuchezea watoto, hapana, ndege yenye injini yake na tanki lake la mafuta, mabawa yake ukiyalaza chini mtoto wa darasa la pili analala juu yake na mguu haugusi sakafu. Na chini ya bawa la kushoto kuna ua waridi jekundu, nusu. Nusu nyingine niliikwangua mimi, kwa mikono hii. Kilio kikakatika kama umeme.

Nyuma ya pazia, chumba cha pili, wanaume walikuwa wanaongea, na pazia siyo ukuta. Nikamsikia mdogo wake marehemu anasema hilo bonde likodishwe tu, mambo ya mpunga yaishe, maana nani tena atafukuza kwelea, shemeji na mguu ule? Mwingine akasema kuna mtu wa Katoro anataka kulichukua hata kesho. Mama Shija alikuwa anasikia kama nilivyosikia mimi. Alikuwa anachomoa nyuzi za mkeka, anachomoa, anaweka pembeni, anachomoa, nikaona huyu mama atamaliza mkeka kabla wenzake hawajamaliza maneno. Nikaushika mguu wake mbovu nikawa nausugua, nikiwaza kwamba hata mwaka ule nilipokuja hapa mara ya kwanza tulikaa hivihivi katika chumba hikihiki, tukisubiri kuambiwa kama mpunga utaliwa na sisi au utaliwa na kwelea.

Kama hujawahi kulima mpunga huku kwetu Shinyanga, kwelea humjui, unamsikia tu kwenye redio. Ni kandege kadogo, ukikakamata kanajificha kwenye ngumi. Lakini hakaji kenyewe. Wanakuja wingi mpaka kuku wanaingia bandani wakidhani jua limezama. Mimi nimeona kwa macho yangu wametua kwenye mwembe, mwembe ukainama, walivyoruka ukasimama umechoka. Mpunga ukishaanza kuweka maziwa, shamba la mwaka mzima wanalimaliza wewe umeenda kuchota maji, na wanakuachia mabua yamesimama wima kama hayajui kilichotokea.

Mwaka ule nilikuwa Katoro kwa mjomba wangu, Masanja, fundi rangi. Nilikotoka naruka, kule ni habari za ng'ombe, na habari za ng'ombe anazielewa mwenye ng'ombe. Nilikuja kumpikia mjomba nikaishia kushika bunduki ya rangi, kwa sababu mikono yake ilishaanza kutetemeka na yangu ilikuwa haijui hata kutetemeka ni nini. Banda lilikuwa la mabati, barabarani, vumbi la magari ya Ushirombo lote linapumzika kwetu. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja tu: kona hii kitanda cha mjomba, kona ile mkeka wangu, katikati jiko la mkaa, na makopo ya rangi yamezunguka kama wageni wanaosubiri chakula. Ugali wetu ulikuwa unanuka thina ya kuyeyushia rangi. Mpaka leo nikila ugali usionuka thina naona haujaiva.

Kazi yetu kubwa ilikuwa matenki ya bodaboda. Pikipiki zilikuwa zimeingia Katoro kama mvua, na kila kijana aliyeokota dhahabu ya ukucha alitaka tenki lake liwe na jina la mtoto, simba, na moto unawaka pembeni. Adui yetu alikuwa petroli. Dereva anajaza mafuta kwa haraka, yanamwagika mfunikoni, yanateremka ubavuni, na rangi mbaya inajikunja palepale kama ngozi ya maziwa. Mjomba alikuwa na dawa yake moja tu maishani: ongeza. Puti, msasa, praima, rangi, rangi tena, rangi nyingine, halafu klia ya kung'arisha mpaka uone meno yako. Alikuwa na msemo kwamba kwake hakitoki kitu kimenuna. Na kweli, naapa, nzi alishatua kwenye tenki la mjomba akateleza, akaanguka, akachechemea mpaka kwa muuza nyama.

Sasa siku moja asubuhi ikaja bodaboda, nyuma amekaa mzee mrefu, amepakata kitu kimefunikwa blanketi, amekilaza kifuani. Nikajua mtoto kazidiwa njiani. Nikamkimbilia. Shikamoo mzee, zahanati ni upande ule. Akaitikia marahaba, akashuka taratibu, akaniambia, "Huyu siyo wa zahanati, mwanangu. Huyu anaumwa rangi." Akafunua. Watu wote wa barabarani walisimama. Mama wa vitumbua aliacha vitumbua vikawa mkaa.

Ndo alikuwa Mzee Ndalahwa. Alikuwa fundi mitambo mgodini upande wa Bulyanhulu, na mzungu mmoja wa kulekule alikuwa na tabia ya kurusha hiyo ndege jioni, yeye anamshikia. Mzungu alivyorudi kwao akamwachia, na rimoti yake. Mtu mwingine angeiweka kabatini. Yeye akaipeleka bondeni kwa mkewe, akawa anaamka nayo alfajiri, anairusha chini chini juu ya mpunga inapiga kelele kama pikipiki isiyo na ekzosi, na kwelea wakihisi ni mwewe mwendawazimu wanahama kijiji. Msimu uliopita walivuna mpaka wakakosa pa kuweka. Kwa hiyo msimu huu mkewe, Mama Shija, akalima bonde zima. Mahindi hakupanda, mtama hakupanda. Ana mguu mmoja hauendi, hawezi kukimbizana na kwelea, na kijana wao Shija kaenda Rwamgasa kuchimba, hapokei hata simu. "Ameweka yote kwenye hii," mzee akasema, akaibonyeza pua ile ndege kwa dole gumba. Dole likaingia. Likaingia kama kwenye andazi lililolowa chai.

Mafuta yake ndo yaliitafuna. Siyo petroli. Ni spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na ile injini kila inapolia inatema, inatema, inajipaka uso mzima na tumbo. Spiriti inafungua rangi, halafu nyonyo inaingia kwenye mti, mti wenyewe mwepesi kama biskuti. Rangi ya zamani ilikuwa inavuka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Mjomba akacheka, akamwambia mzee asiwe na wasiwasi, sisi tunapigana na mafuta kila siku iendayo kwa Mungu. Akatoa kipande cha bati alichokipaka duko, ile rangi yetu ya matenki, akadondoshea petroli, akafuta: safi. Mzee akatoa kichupa mfukoni, akadondosha tone la mafuta ya ndege. Duko ikajikunja hapohapo, kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Mjomba akaacha kucheka.

Shida nyingine, mafuta yenyewe yalikuwa yamebaki kidogo, ya msimu huo tu, hatuwezi kuyachezea kwa majaribio. Nikauliza, kwani spiriti si pombe? Mjomba akanitazama. Nikaenda kwa mama mmoja nyuma ya soko nikaleta gongo kali, ile ukikohoa karibu na jiko unaunguza nyusi. Nikapaka vipande vya bati: duko, duko yenye klia, rangi ya mafuta ya milango, na ile rangi ya magari ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Nikaviacha vikauke, nikadondoshea gongo kila kimoja, nikangoja, nikafuta kwa kitambaa cheupe. Duko ikaja yote na kitambaa. Ya milango ikanata kama bigijii. Ya hadina nikafuta, nikatazama kitambaa: cheupe. Nikarudia, cheupe. Hapo mgambo alikuwa ameshasimama mlangoni, kavutwa na harufu, anauliza tunafanya nini. Mjomba akamwambia tunajaribu rangi. Akaomba apewe ilobaki akajaribu na yeye.

Kabla ya kupaka ilibidi kwanza kuitoa ile nyonyo iliyoingia kwenye mti, maana rangi haikai juu ya mafuta. Msasa haukusaidia. Hapo ndo upishi ulifaa. Nilikoroga unga wa muhogo na thina kidogo, nikaifunika pua ile kama unavyoweka dawa kwenye jipu, nikaianika juani. Unga ukawa wa njano. Nikaukung'uta, nikaweka mwingine. Nilifanya hivyo mpaka unga ukabaki mweupe, na mjomba akalalamika kwamba ndege inakula kuliko yeye.

Mzee alikuwa karudi nyumbani, na kila baada ya siku chache anapiga simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Anasema, "Mpunga umechanua." Anakata. Siku nyingine anasema, "Umeanza kuinama." Anakata. Mimi nikisikia ile simu inalia nasikia kama nimeachia sufuria. Na mjomba ndo alikuwa kwenye raha yake. Akaifanyia ndege ile kila alichowahi kufanyia tenki. Puti, msasa, praima, rangi ya hadina mara moja, mara ya pili, akaiona bado, akaongeza. Nikamkumbusha kwamba mzee kaomba iwe nyeusi tu kama mwewe. Akajibu mwewe hapakwi Katoro. Akaimwagia klia, akachora waridi chini ya kila bawa, yana umande kabisa, ungetaka kuyanusa. Kulikuwa na foleni ya watu kuja kujitazama. Bibi harusi mmoja alikuja kufungia kilemba pale.

Mzee alivyokuja kuichukua aliinyanyua, akatulia. Akaishusha, akainyanyua tena. Akasema, "Imenona." Mjomba akashukuru, akidhani kasifiwa. Mimi nikayaona macho ya mzee. Mjomba akaamua niende naye, akanipa kikopo cha rangi, hadina na misasa nikavifunga kwenye nguo zangu, ili ikichubuka niirekebishe jina lake lisichafuke.

Tulifika hapa jioni jua halijazama. Chumba hikihiki. Ukuta ule ulikuwa haujapigwa lipu, na pale penye kabati palikuwa na magunia matupu, yamekunjwa vizuri, yanasubiri. Mama Shija alinisalimia kwa Kisukuma, mwadila, nikaitika, akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, halafu ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde makavu, na yeye mwenyewe hakula, alikuwa anaitazama ile ndege mezani jinsi inavyompiga mwanga machoni. Akaniuliza kama nimeshiba, nikasema nimeshiba mayu, kama mtu na mama yake. Akanyanyuka na mguu wake akaingia chumbani, mzee akamfuata. Pazia lilikuwa hilihili, naapa, hawajawahi kulibadilisha.

"Baba Shija. Hiyo ni ya kufukuzia kwelea au ya kupelekea mahari?"

"Itaruka."

"Sijauliza hilo."

"Itaruka, Mama Shija."

Halafu nikasikia kitanda kinalia, mtu kakaa.

Asubuhi tukaenda nayo kwenye njia ya ng'ombe kando ya bonde. Majirani walikuja, watoto walikuja, hata mbwa walikuja wamekaa mstari. Mzee akawasha injini, ikalia vizuri tu. Akaiachia. Ikakimbia. Ikakimbia, ikakimbia, ikapita pale ilipotakiwa kunyanyuka, ikaendelea kukimbia kama mtu amesahau kitu nyumbani, ikapanda tuta, ikainua pua kidogo hivi, kama inapiga chafya, halafu ikaingia kwenye tope la mpunga puuu. Mtoto mmoja akasema imeshiba. Wakacheka. Mama Shija hakucheka. Na kwelea, wale wa kwanza wa msimu, wakaja wakati huohuo, na mmoja, ukikataa kataa, alitua kwenye bawa la ile ndege, akajiona kwenye klia ya mjomba, akageuza shingo huku na huku, akatengeneza manyoya ya kifua ndipo akaenda kula.

Tenki la pikipiki halina shida ya uzito, linabebwa. Hakuna siku hata moja katika maisha yetu tuliwahi kujiuliza rangi ina kilo ngapi. Tulijua kuyazuia mafuta, tulijua kuing'arisha, tukaipaka ndege mpaka ikawa pikipiki.

Mama Shija hakugomba. Ningependa angegomba. Alichukua debe na fimbo akaingia shambani, akawa anapiga, na mguu wake unaburuta tope: ngo, ngo, halafu anaburuta, halafu ngo. Wakihamia upande wa juu anapanda juu, akifika wameshashuka chini. Mzee akanitazama, akasema rangi itoke. Sasa rangi yenye hadina haitoki kwa thina, hiyo ndo sifa yake na ndo laana yake. Inatoka kwa kukwangua. Nikakaa hapo mlangoni na wembe na msasa mkavu, maji siwezi kutumia kwenye mti ule, nikaanza. Vumbi la rangi likanijaa puani, nikawa napenga waridi. Nikikwangua kidogo, uzito haupungui. Nikizidisha kidogo, natoboa. Kila nikisikia debe limenyamaza mkono unasimama. Likilia tena naendelea. Mzee anakuja, anaiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa, amefumba macho, anasema bado. Nakwangua. Anakuja, bado. Klia ikaisha, rangi ikaisha, praima ikaisha, puti ya mjomba ikatoka kwa vipande kama ukoko. Nilipofika katikati ya waridi la kushoto akainyanyua, akakaa nayo muda, akafumbua macho. Akasema, "Hapo hapo. Usiguse tena." Ndo maana lipo nusu.

Lakini pua ilikuwa imebaki uchi, na ndiko mafuta yanakotemwa. Nikachanganya rangi na hadina kidogo sana, nikazungushia kitambaa kidoleni, nikapaka kwa kusugua, nyembamba kama unavyompaka mtoto mafuta usoni. Pua, tumbo, upande wa ekzosi, na ndani kule injini inapokaa. Kwingine nikaacha. Haikung'aa hata kidogo. Mjomba angeiona angezimia. Na kipande cha bati nikakipaka pembeni, rangi hiyohiyo, kiwe shahidi.

Mzee akataka airushe jioni ileile. Nikamkatalia, na mimi nilikuwa msichana wa juzi tu, sijui nilipata wapi kinywa. Nilimwambia hadina ikikutana na spiriti kabla haijakomaa inajikunja, na ikijikunja tunaanza upya unga wa muhogo, na mpunga hautungoji. Akauliza tutajuaje imekomaa. Nikasema kwa tone. Tone la nini? Mafuta hayatoshi. Tukatazamana, kila mtu anajua jibu, hakuna anayetaka kulisema kwenye ile nyumba. Maana Mama Shija alikuwa wa kanisani, kwaya sauti ya kwanza, gongo hata jina halitajwi ndani mwake. Mimi ni mgeni, muuzaji hawezi kuniuzia, ataniona nimetumwa na polisi. Mzee angeenda mwenyewe, lakini Mama Shija, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, akasema Baba Shija akitumwa gongo chupa inafika nusu. Akafunga kanga ya pili, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Alikawia. Nilianza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kumbe njiani, chupa iko ndani ya kanga, kizibo ni gunzi la mahindi, kakutana na Mzee Yohana, mzee wa kanisa. Akasalimiwa, akaitika, na gunzi likaachia. Harufu ikatoka yenyewe ikamsalimia Mzee Yohana. Akamuuliza, mama, hiyo nini? Akajibu kweli tupu: ni ya rangi. Mzee Yohana alikuwa kasikia visingizio vya walevi wilaya nzima, ya jino, ya mgongo, ya kusugulia mtoto, lakini hicho hakuwahi. Akamwambia Jumapili asipande na kwaya, na asubiri wazee wakae. Mama Shija akaja, akaiweka chupa mbele yangu, jasho linamtoka, akaniambia, "Tone moja. Na usiniambie ndiyo kama ni hapana."

Nikadondosha kwenye bati. Tukalizunguka lile bati kama watu wanaota moto. Nikafuta. Kitambaa kikatoka na weusi kwa mbali, kama kivuli tu. Mzee akasema si mbaya. Mama Shija akanitazama mimi. Nikasema hapana. Akachukua debe lake akarudi shambani, na mimi nikabaki na bati lile, nalibandua juani nalibandika juani, napuliza, kama kwamba pumzi yangu ingeisaidia. Chakula cha jioni kilikuwa uji, hakuna aliyekuwa na mkono wa kusonga.

Kulipokucha alikuwa ameshaingia bondeni. Debe nilikuwa nalisikia kwa mbali, limechoka, linapiga kama moyo wa mtu mzee. Nikadondosha. Nikangoja kuliko ilivyohitajika kwa sababu niliogopa kufuta. Nikafuta. Cheupe. Nikadondosha kwenye pua yenyewe, nikafuta. Cheupe. Nikamuita mzee, nikamwonyesha kitambaa.

Ndege ikakimbia kwenye njia ya ng'ombe, ikafika pale, ikanyanyuka. Mbaya, imechubuka, nusu ua, kama mgonjwa aliyetoroka wodini, lakini ikapanda. Mzee akaikata kona akaishusha juu ya mpunga, chini kabisa, na bonde lote likainuka. Nasema bonde liliinuka, maana hukuona tena chini, uliona kwelea tu wanakwenda juu kama mtu kakung'uta blanketi la nchi. Wakageuka, wakaelekea kwingine. Nikamtafuta Mama Shija. Hakupiga kigelegele. Aliliweka debe, akakaa palepale kwenye tope, akanyoosha mguu.

Nilikaa mpaka mavuno. Kila ikitua naipangusa nyonyo kabla haijatafuta pa kuingilia, nakagua, penye ufa nasugua msasa kidogo, napaka kwa kidole, nangoja, nadondosha, nafuta. Mjomba alipiga simu kuuliza kama waridi yanasifiwa, nikasema sana. Mama Shija aliimba kutoka benchi la nyuma mpaka siku Mzee Yohana alipokuja mwenyewe bondeni, akakaa juu ya tuta, akaniona nadondosha tone langu kwenye bati na kufuta. Alitazama muda mrefu. Akasema chupa ikishamaliza kazi imwagwe. Mzee Ndalahwa akajitolea kwenda kuimwaga, nyuma ya nyumba, peke yake.

Hayo yote yalinipita kichwani nikiwa nasugua mguu ule pale mkekani. Ndege ilirushwa misimu mingi, mafuta mapya mzee akiyatafuta kwa wazungu wa mgodini, Shija alirudi toka Rwamgasa mikono mitupu akajifunza rimoti kwa baba yake, halafu macho ya mzee yakapungua, Shija akafungua gereji yake ya pikipiki Kahama, ndege ikapandishwa kwenye kenchi. Nyuma ya pazia walikuwa wamefika kwenye kukubaliana. Mtu wa Katoro aitwe kesho.

"Dotto," Mama Shija akaniita. Mkono wake uliacha mkeka. "Ishushe."

Nikamuita Shija, aliyekuwa na wanaume nyuma ya pazia, akapanda kiti, akafungua waya. Vumbi lililoshuka tungeweza kulifinyangia chungu. Nikaipangusa kwa kanga, nikaibonyeza pua. Ngumu. Lakini ugumu siyo jibu, sisi wawili tulijua. Mama Shija akaniambia nijaribu tone. Wanawake wakatazamana, mmoja akauliza tone la nini. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Yohana, siku hizi anatembea na mkongojo, ndiye aliyemwombea marehemu kaburini.

"Ipo kwa vijana wanaopika," akasema. "Naileta mwenyewe."

Akaileta kwenye kikombe cha plastiki, mchana kweupe, kapita katikati ya waombolezaji, hajaficha. Nikachovya kidole nikadondosha. Sebule nzima ikawa kimya, na wale wa nyuma ya pazia nao wakanyamaza, maana kimya nacho kinapita pazia. Mkono wangu, uliokuwa haujui kutetemeka, siku hizi unajua. Nikangoja. Nikachukua pindo jeupe la kanga yangu, nikafuta, sikulitazama, nikampa Mama Shija.

Alilipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akaligeuza upande huu, upande ule: jeupe. Akamuuliza Shija kuhusu injini na mafuta, Shija akasema hayo mwachieni yeye, na rimoti pia. Ndipo akageukia pazia, sauti ileile ya kwanza ya kwaya.

"Shemeji, mtu wa Katoro usimsumbue. Bonde lina mpunga mwaka huu."